Kupimiwa Vijiti vya Gofu na Kuujua Umbali Wako wa Kweli

Mwulize mwanachama yeyote wa klabu ya gofu hapa Nairobi draiva yake, kijiti cha kupigia mbali zaidi, hufikisha mpira wapi, na aghalabu atakujibu kuwa ni yadi 250. Mwulize kedi wake, yaani mbeba vijiti wake, pembeni, utapata jibu jingine. Naanzia hapo kwa sababu kazi ya kupimiwa vijiti, yaani kuchaguliwa na kurekebishiwa vijiti vinavyolingana na mwili na mpigo wako, huharibika kabla mtu hajamfikia fundi: anayekwenda na umbali wa kujisifia hutengenezewa vijiti vya mtu ambaye hayupo.

Nami niliwahi kuwa mtu huyo. Siku moja ya Februari, nyasi zikiwa zimekauka na ardhi ikiteremka, mpira wangu uliviringika hadi yadi 260, nami nikaenda dukani juma lililofuata nikanunua draiva yenye mwinamo wa nyuzi 9, yaani uso wake umeinama nyuma kidogo tu, na mpini mgumu. Muuzaji hakuniuliza swali hata moja. Msimu mzima mpira ukawa unatoka chini chini na kupinda kulia, hadi kedi mmoja mzee aliponiambia kwa adabu, "Mzee, hiki kijiti ni cha kijana." Alikuwa amesema kweli, na hakunitoza chochote kwa ushauri huo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujipima mwenyewe, na kipimo kinachofaa ni umbali wa angani, yaani pale mpira unapogusa ardhi mara ya kwanza, kwa kuwa kuviringika hutegemea jua, mvua na mteremko kuliko wewe. Chagua jioni isiyo na upepo na shimo lililo tambarare, omba ruhusa ya klabu, kisha upige mipira kumi ya aina ile ile unayochezea mashindanoni. Mipira ya uwanja wa mazoezi mara nyingi imechakaa, au imetengenezwa isiende mbali, nayo itakudanganya. Mtu asimame mbele aone inapotua, na umbali upimwe kwa programu ya simu yenye GPS. Ipange mipira yote kumi kuanzia wa karibu hadi wa mbali, ile iliyokosewa ikiwamo, kisha uchukue umbali ulio katikati ya wa tano na wa sita. Huo ndio umbali wako. Ule uliokwenda mbali kuliko yote ni kumbukumbu nzuri tu.

Usivunjike moyo ukiona namba ndogo. Wanaume wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, hufikisha wastani wa takriban yadi 300, lakini kwa vipimo vilivyochapishwa na TrackMan, kampuni inayotengeneza rada za gofu, mwanamume wa kawaida wa klabu mwenye handikapu, yaani mipigo ya ziada anayokadiriwa juu ya kiwango cha uwanja, kati ya 14 na 15 hufikisha yadi 214 hivi, kuviringika kukiwamo. Vipimo hivyo hivyo vina jambo linalofundisha zaidi. Mwanamume huyo huzungusha kichwa cha draiva kwa mwendo wa takriban maili 93 kwa saa, na wanawake wa LPGA, mashindano ya wanawake wa kulipwa, huzungusha kwa maili 95 hivi, tofauti ndogo sana. Hata hivyo mipira yao hukaa angani kwa takriban yadi 220, ikaviringika tena baada ya hapo. Mpira wao hutoka usoni mwa kijiti kwa maili 140 kwa saa au zaidi, wake kwa 133, kwa sababu wao huupiga katikati ya uso wa kijiti na yeye huupiga kisiginoni au nchani. Kila maili moja ya mwendo wa mpira ina thamani ya karibu yadi 2 za angani. Hapo ndipo fundi anapoweza kukusaidia: misuli hatakupa, bali anaweza kukurudishia yadi unazozipoteza kwa kupiga pasipo katikati na kwa mpira kupaa vibaya.

Sisi tunaocheza Afrika Mashariki tuna mtego wetu wa pekee, nao ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira hukutana na upinzani mdogo. Kwa kanuni ya kukadiria, umbali huongezeka kwa zaidi kidogo ya asilimia 1 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo hapa tunapata nyongeza ya takriban asilimia 6. Mpigo wa yadi 150 pale Nyali, Mombasa, au kwenye uwanja wa Gymkhana wa Dar es Salaam, huwa karibu yadi 159 ukiupiga Muthaiga, Nairobi. Anayezungusha kijiti polepole hufaidi kidogo kuliko mwenye nguvu. Tena hewa hiyo nyepesi huunyima mpira nguvu ya kuunyanyua, ukaruka kwa kutandaa zaidi, na ndiyo sababu watu wengi wa nyanda za juu hunufaika na draiva yenye mwinamo mkubwa kuliko wanavyodhani. Mashine nyingi za kupimia zinaweza kurekebisha namba zionekane kana kwamba umepigia usawa wa bahari, kwa hiyo mwulize fundi mashine yake imewekwa kwa mwinuko gani kabla hujaziamini, na uhakikishe pia kama inaonyesha yadi au mita, maana mita 150 ni yadi 164, tofauti ya kijiti kizima na zaidi.

Siku ya kupimwa, nenda na vijiti vyako vya sasa, viatu, glavu na mipira unayoitumia. Usiende umetoka kucheza mashimo 18, wala mara tu baada ya somo ambalo mwalimu amebadilisha mzunguko wako. Mweleze fundi kama una maumivu ya mgongo au ya kidole. Kisha, na hili ndilo gumu kuliko yote, usiupigie ule mchoro wa mpira kwenye skrini ya mashine. Kila mtu akiona namba mbele yake huongeza nguvu. Fundi mzuri huigeuza skrini usiione kwa mipira ya mwanzo, na asipofanya hivyo mwombe afanye.

Ningependa aanze na vijiti vya chuma, aironi, kabla ya draiva. Atapima urefu wako umesimama, na umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni mikono ikining'inia. Kampuni ya Ping kwa miaka mingi imetumia vipimo hivyo viwili kuchagulia wateja ulalo wa kijiti, ikiuonyesha kwa nukta ya rangi kichwani. Ulalo ni pembe kati ya mpini na ardhi kijiti kikiwa kimelazwa sawa. Vipimo vya umesimama hutoa pa kuanzia tu, kwa kuwa wakati wa kupiga mikono huinuka na mpini hupinda kidogo. Ni lazima upimwe ukipiga. Njia rahisi ni kuchora mstari mnene wa wino kwenye mpira, kuuweka ukiwa wima ukitazamana na uso wa kijiti, kisha kupiga na kutazama alama iliyoachwa. Mstari ukisimama wima usoni, ulalo ni sawa. Ukiinama, kijiti kiligusa ardhi kwa kisigino au kwa ncha. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ncha ikiwa juu mpira huelekea kushoto, ikiwa chini huelekea kulia, na kosa hilo ni kubwa zaidi kwenye weji, vijiti vya mipigo mifupi, na aironi fupi, kwa kuwa uso wake umeinama zaidi. Nimewaona watu wakilipia masomo mengi kurekebisha mpira unaokwenda kushoto, kumbe vijiti vilihitaji kukunjwa nyuzi 2. Aironi zilizofuliwa hukunjika kwa urahisi. Zile za kumiminwa zinahitaji fundi mwenye uzoefu, na nyingine hazifai kuguswa.

Urefu wa kijiti usiongezwe kwa mazoea. Nusu inchi inatosha kubadilisha hisia ya uzito wa kichwa na kuufanya ulalo uwe wima zaidi, kwa hiyo anayeongeza urefu apime ulalo upya. Mtu mrefu mwenye mikono mirefu huenda asihitaji nyongeza yoyote.

Kuhusu mpini, yaani shafti, anza na uzito kabla ya ugumu. Herufi za ugumu zilizoandikwa, R (wa kawaida), S (mgumu), X (mgumu zaidi) na nyinginezo, hazina kipimo cha pamoja kati ya viwanda. R ya kampuni moja yaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine. Kwa hiyo usikubali kuambiwa wewe ni mtu wa S. Pigia mipini mitatu au minne yenye uzito tofauti, mipira minane kila mmoja, na badala ya kutafuta namba iliyo kubwa kuliko zote tazama ni upi umeiweka mipira karibu karibu. Mwanamke naye asipewe seti ya wanawake kwa sababu tu ni mwanamke. Wapo wenye mwendo wa kuzungusha unaotaka mpini wa R, na wapo wanaume wazee wanaohitaji laini kuliko huo.

Kwenye draiva, paka uso kwa kalamu ya ubao mweupe, na mpira utafuta wino pale ulipogonga. Alama zikitawanyika, omba ujaribu mpini mfupi kwa inchi moja. Draiva nyingi za dukani zina inchi 45 na nusu au zaidi, na kwa mchezaji wa wikendi inchi 44 na nusu mara nyingi hurudisha mpira katikati, akapata yadi badala ya kuzipoteza. Kwa mwendo wa maili 85 hadi 95, usione haya kutumia mwinamo wa nyuzi 10 na nusu hadi 12.

Linalosahauliwa ni mapengo ya umbali kati ya kijiti na kijiti. Zamani aironi 7 ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 34 au 35. Siku hizi nyingine zina 29, na muuzaji hufurahi ukiona imeongeza yadi 15. Hakuna aliyeongeza kitu, ni namba tu iliyohamishwa, na matokeo yake weji ya kawaida huwa na nyuzi 43 na inayofuata mfukoni ina 56, pengo la yadi 30 au zaidi lisilo na kijiti. Mwombe fundi akuandikie mwinamo na umbali wa angani wa kila kijiti, upange tofauti za yadi 10 hadi 15, ukikumbuka kuwa kanuni zinaruhusu vijiti 14 tu. Ukiona aironi 4 na 5 zinakwenda umbali mmoja, acha moja nyumbani.

Mwisho wa kikao dai karatasi yenye vipimo vyote: urefu, mwinamo, ulalo, jina na uzito wa mpini, unene wa kishikio. Kwa karatasi hiyo unaweza kuagiza popote, au kumtuma ndugu aliyeko Dubai au Uingereza, bila kubahatisha. Vijiti vikifika, usivicheze kwanza. Mpelekee fundi avipime dhidi ya karatasi, kwa kuwa kutofautiana kwa nyuzi moja au mbili kutoka kiwandani si jambo geni. Kisha rudia lile zoezi la mipira kumi kwa kila kijiti na uandike kadi ndogo ya mfukoni yenye safu mbili, moja ya huku juu na nyingine iliyopunguzwa asilimia 6 kwa ajili ya safari za Pwani, na kabla ya kuchagua tii, mahali pa kuanzia kila shimo, usome safu ya draiva: kwa mwongozo ambao mashirika ya gofu ya Marekani, PGA of America na USGA, yalizindua mwaka 2011, anayefikisha yadi 225 anafaa uwanja wa yadi 5,800 hadi 6,000, na wa yadi 200 anafaa ule wa 5,200 hadi 5,400.