Jinsi ya Kupima Kama Mafao ya Kustaafu Yatabeba Gari la Misuli

Mtumishi wa umma wa Tanzania anayetamani kustaafu akiwa na gari la misuli, yaani gari la Kimarekani lenye injini kubwa na nguvu nyingi kama Ford Mustang, uani anahitaji vikokotoo viwili kabla ya kumpigia wakala simu: kile cha pensheni, kinachoonyesha atakachopata, na kile cha TRA, mamlaka ya mapato, kinachoonyesha atakachodaiwa bandarini. Wengi hukimbilia bei ya gari kwanza, wakailinganisha na mkupuo, yaani fedha zinazolipwa kwa pamoja mtu anapostaafu, wakaridhika. Mwongozo huu unaanza na pensheni, kwa kuwa gari la aina hii likishaingia nyumbani hulishwa na malipo ya kila mwezi, na hapo ndipo hesabu nyingi huvunjika.

Chukua mshahara wako wa msingi, bila posho. Kanuni ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hutafuta wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, ikauzidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, kisha ikagawanya kwa 580. Tuseme wastani wako ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi, yaani 18,000,000 kwa mwaka, na umechangia miezi 360. Pensheni kamili ya mwaka inakuwa takriban 11,172,000. Kama ulitoka PSPF au LAPF, mifuko ya zamani iliyounganishwa kuunda PSSSF, tangu mabadiliko ya mwaka 2024 sehemu inayotolewa kwa mkupuo ni asilimia 40, ikizidishwa kwa 12.5, utapokea takriban shilingi 55,862,000. Asilimia 60 iliyobaki, ikigawanywa kwa miezi 12, ni kama shilingi 558,600 kwa mwezi. Waliotoka kwenye mifuko mingine iliyounganishwa watumie asilimia 35, ambapo mkupuo hupungua na pensheni ya mwezi huongezeka kidogo.

Usitumie mkupuo wa jirani aliyestaafu zamani kuwa kipimo chako. Kwa kanuni ya awali ya PSPF, iliyogawanya kwa 540, ikatoa nusu kwa mkupuo na kuizidisha kwa 15.5, mtumishi huyuhuyu angepokea shilingi 93,000,000, ingawa pensheni yake ya mwezi ingekuwa 500,000 tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyozua kelele zote za watumishi kuhusu kikokotoo kipya cha pensheni. Malalamiko yana haki yake, lakini ahadi ya zamani ilikuwa ghali: PSPF ilianza kupokea michango Julai 1999, huku ikibebeshwa pia mafao ya watumishi walioajiriwa kabla ya hapo bila kuchangia. Deni hilo lilihamia PSSSF mifuko ilipounganishwa mwaka 2018, na mwaka 2021 Serikali ikatoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 ili kulipunguza. Panga maisha yako kwa kanuni iliyopo, si kwa ile unayotumaini itarudi.

Sasa lije gari. Mvuto wake si wa kubezwa. Mustang GT ya kizazi kilichoanza na modeli ya mwaka 2015 ina injini ya silinda nane ya lita 5.0 yenye nguvu ya farasi zaidi ya 400, mngurumo unaotambulika kabla gari halijakata kona, na mfumo wa springi wa nyuma ambao kila gurudumu hujitegemea, kwa hiyo halishikilii barabara kwa wasiwasi kama matoleo ya zamani. Tena ndicho kizazi cha kwanza ambacho Ford walikitoa kiwandani na usukani wa kulia. Dodge Challenger na Chevrolet Camaro za kipindi hicho zilitoka kiwandani na usukani wa kushoto, na zote mbili uzalishaji wake umekoma; kwa mstaafu wa huku ningeziondoa kwenye orodha mapema.

Ingiza modeli, mwaka na ukubwa wa injini kwenye kikokotoo cha TRA, ukikumbuka kuwa kodi huweza kutozwa kwa thamani iliyomo kwenye mfumo wao hata kama ankara yako inasema kidogo. Tuseme thamani hadi bandarini ni shilingi 40,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaipandisha hadi 50,000,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, unaotozwa injini zinazozidi lita mbili, unaifikisha 55,000,000. VAT ya asilimia 18 inaifikisha 64,900,000. Hapo bado tozo ya reli, usajili na gharama za bandari, na gari lililozidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu. Mkupuo wetu wa milioni 55 umekwisha gari likiwa bado limefungiwa bandarini.

Hata kama una akiba ya kuziba pengo, pima mafuta. Kwa vipimo vya Marekani, GT hiyo hutumia karibu lita 15.7 kwa kilomita 100 za mjini. Ukiendesha kilomita 750 kwa mwezi, na tukichukulia lita moja ni shilingi 3,000, utatumia kama shilingi 353,000 kati ya zile 558,600. Kinachobaki kinapaswa kulipia bima kubwa, matairi mapana, vipuri ambavyo mara nyingi huagizwa nje, na chakula. Kanuni ninayoipendekeza ni kali: gari lisile zaidi ya robo ya pensheni ya mwezi, la sivyo litafutiwe kipato kingine, kama kodi ya nyumba uliyopangisha, kabla ya kununuliwa.

Anayeshindwa kuiacha ndoto aangalie Mustang ya silinda nne ya lita 2.3. Ushuru wa bidhaa haupungui, kwa kuwa bado imezidi lita mbili, lakini mafuta hupungua vizuri. Ukiagiza kutoka Uingereza, omba namba ya usajili kabla ya kulipa, uiingize kwenye tovuti ya serikali yao inayoonyesha bure historia ya ukaguzi wa kila mwaka: utaona maili zilizosomwa kila ukaguzi na kasoro zilizoandikwa, ikiwemo kutu ya chini ya gari inayotokana na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi.