Kupima mwale wa protoni kwa skana ya waya, kuanzia kiini hadi halo

Skana ya waya hupitisha waya mwembamba ndani ya mwale; protoni zikiupiga huutoa elektroni, na mkondo wa umeme unaopatikana huonyesha mwale una nguvu kiasi gani mahali hapo. Juzi kijana mmoja wa zamu yetu aliniletea mchoro wa mkondo huo wenye nundu upande wa kushoto, akiamini ameipata halo. Nundu ile naijua, iliwahi kunila siku mbili nzima. Hatua hizi namwandikia yeye na wenzake.

Halo ni protoni chache zinazotangatanga mbali na kiini cha mwale. Zikigonga ukuta wa bomba, chuma chenyewe huanza kutoa mionzi. Ili mafundi waweze kuingia na kutengeneza kwa mikono, tunataka upotevu usizidi wati 1 kwa kila mita. Kwa mwale wa megawati 1.4, kama ule ambao mashine ya maabara ya Oak Ridge kule Marekani ilisanifiwa kutoa mwanzoni, hiyo haifiki hata sehemu moja ya milioni. Ndiyo maana lazima tupime mkiani, yaani kwenye kingo za mchoro, ambako halo inakaa.

Hatua ya 1: Punguza mwale. Mapigo yawe mafupi, moja kwa sekunde. Waya ukichemka hutoa elektroni zake wenyewe na kuharibu vipimo vya kiini. Mimi hutumia kaboni ya mikromita 33, tungsteni siitaki.

Hatua ya 2: Pitisha waya kidogo kidogo, ukisoma mkondo kila kituo. Kama uma wa skana, yaani fremu inayobeba waya, unaingia kwa nyuzi 45, gawanya mwendo wa mota kwa 1.41 upate umbali ambao waya umekata mwale.

Hatua ya 3: Chora kwa skeli ya logi, ambayo kila hatua ni mara kumi, ili mkia mdogo uonekane, siku zote. Kigeuzi cha biti 16, kinachogeuza mkondo kuwa namba, kina ngazi 65,536 tu, kwa hiyo soma mara mbili: ukuzaji mdogo kwa kiini, mkubwa kwa mkia.

Hatua ya 4: Hakikisha mkia ni wa kweli. Hapa usiwe na haraka. Soma mkondo mwale ukiwa umezimwa, kisha uwashe mwale huku waya ukiwa nje kabisa. Masomo haya mawili hayalingani, na la kuondoa kwenye vipimo vyako ni la pili, kwa sababu lina elektroni na mionzi inayorukaruka ndani ya bomba. Bado hujamaliza. Uma mmoja hubeba waya wa wima na wa mlalo. Waya wa wima ukiwa mkiani, ule wa mlalo huenda uko katikati ya kiini, unatema elektroni, na baadhi zinamwangukia jirani yake. Hapo ndipo nundu inapozaliwa. Ili kuitambua, sogeza mwale kando milimita 2 kwa sumaku ya kuelekeza, kisha upime tena kwa waya wa wima. Halo ya kweli itasogea pamoja na kiini; nundu ya uongo itabaki palepale kwenye namba za mota. Nilipofanya hivyo, nundu haikutikisika hata kidogo. Tangu hapo sipokei mchoro wa mtu ambaye hajasogeza mwale.

Hatua ya 5: Kwa nishati ndogo, ongeza sahani ya grafiti. Maabara ya Los Alamos, Marekani, walifanya hivyo kwa protoni za MeV 6.7 (elektroni-volti milioni 6.7), ambazo hupenya waya lakini hukwama kwenye sahani. Ipe volti chanya kadhaa izuie elektroni zake kutoroka. Tafuta mteremko wa mkondo wake, yaani unavyobadilika kutoka kituo hadi kituo, kisha uulinganishe na data ya waya pale zinapopishana.

Mkunjo wa Gauss, wenye umbo la kengele, ulinganishe na kiini peke yake. Kinachobaki juu yake mkiani ndicho cha kuripoti.