Mguu Ukiteguka Uwanjani: Kuanzia Dakika ya Kwanza Hadi Siku ya Kurudi Mchezoni

Jumapili zangu nyingi naziishia kando ya viwanja vya Eastlands, Nairobi, nikiwa na begi lenye bandeji za krepi, mkasi, glavu, plasta pana na chupa ya maji safi. Wachezaji huniita "Dokta". Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, lakini nilichoka kuwasahihisha. Jeraha ninalolipokea mara nyingi kuliko yote ni la kifundo cha mguu: mtu ameruka kupiga kichwa, ametua kwenye shimo au juu ya njumu ya mwenzake, wayo umepindukia ndani, na kano za upande wa nje zimevutika au zimeraruka.

Hatua ya 1: Wazuie watu

Kabla hujafungua begi, zuia mikono. Hakosi mmoja wa kupiga kelele, "Mvute huyo, utarudi!" Neno letu hili kuteguka limetuponza kidogo. Linatufanya tudhani kuna kitu kilichochomoka na kinangoja kurudishwa. Kwa kawaida hakuna. Mifupa iko mahali pake. Kilichoumia ni kano, zile nyuzi imara zinazoushika mfupa kwa mfupa mwenzake. Ukivuta, unazidi kuzirarua. Na kama mfupa umevunjika, madhara yake ni makubwa zaidi.

Legeza kamba za kiatu mapema, mvue kabla mguu haujafura. Ila ukiona mguu umepinda vibaya, mfupa umetokeza, au vidole vimekuwa baridi na havisikii ukivigusa, kiatu kiache. Kunja katoni, uukinge mguu nayo pande zote mbili, funga kwa leso bila kukaza, na safari ya hospitali ianze.

Hatua ya 2: Tafuta mfupa kwa kidole

Hapa tulia, kwa sababu ndipo unapoamua kama mtu atumie pesa za eksrei au arudi nyumbani. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni rahisi ambayo bado inatumika duniani. Haihitaji mashine.

Bonyeza kwa kidole kimoja, polepole, sehemu nne:

- Ukingo wa nyuma wa ule mfupa unaochomoza upande wa nje wa kifundo, kuanzia ncha yake ya chini kupanda sentimita 6.
- Vivyo hivyo upande wa ndani.
- Kinundu cha mfupa katikati ya ukingo wa nje wa mguu, kati ya kisigino na kidole kidogo.
- Mfupa wa upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo, juu ya upinde wa wayo.

Akiruka kwa maumivu ukibonyeza mfupa wowote kati ya hiyo, apigwe eksrei. Kisha mwambie asimame atembee hatua nne. Kuchechemea kunaruhusiwa. Aliyeshindwa pale uwanjani, na akashindwa tena anapochunguzwa baadaye, naye aende.

Watu wengi hubonyeza mbele ya kifundo upande wa nje, penye nyama laini, mchezaji akalia wakasema mguu umevunjika. Pale ndipo kano inayoumia mara nyingi ilipo, lazima paume. Wewe unatafuta maumivu ya mfupa. Kanuni hii usiitegemee kwa mtu aliyelewa au asiyesikia vizuri miguuni, kwa mfano mwenye kisukari cha muda mrefu. Na mtoto ambaye bado anakua nampeleka hospitali haraka zaidi, maana kwake sehemu ya mfupa inayokua inaweza kuumia kabla ya kano.

Hatua ya 3: Saa za kwanza

Wengi wetu tulifundishwa pumzisha, weka barafu, funga, inua. Mpango huo ulienezwa na daktari Mmarekani Gabe Mirkin mwaka 1978, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe akaandika kwamba barafu huenda ikachelewesha kupona. Kwangu barafu ni dawa ya maumivu basi. Dakika 15, pumzika saa mbili, rudia siku ya kwanza akihitaji. Kwenye kiosk chenye friji utapata pakiti ya maziwa iliyoganda. Izungushie kitambaa, maana barafu juu ya ngozi tupu inaunguza.

Kufunga ndiko kunakopunguza uvimbe, na ndiko kunakoharibiwa zaidi. Anzia karibu na vidole, zungusha mara mbili, pitisha bandeji juu ya mguu kwenda nyuma ya kifundo, irudishe mbele chini ya wayo ikate msalaba, endelea hivyo ukipanda hadi juu ya kifundo. Kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliopita. Kaza kidogo chini, legeza unavyopanda. Ukimaliza, bonyeza ukucha wa kidole gumba hadi upauke, kisha uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, umekaza mno. Fungua, anza upya. Usiku anapolala aivue, na mguu ulale juu ya mito, juu kuliko kifua.

Kwa siku tatu za kwanza: maji moto hapana, dawa ya kuchua inayochoma hapana, kukandwa hapana, pombe hapana. Kwa maumivu mimi huanza na paracetamol. Mwenye vidonda vya tumbo asiguse ibuprofen wala diclofenac bila kumwuliza daktari.

Hatua ya 4: Kufika nyumbani

Miongozo mingi haisemi hata sentensi moja hapa, kana kwamba kila mtu anaishi nyumba isiyo na ngazi. Nairobi mchezaji wako anaishi ghorofa ya tano na lifti hakuna. Kwanza, asipande boda boda mguu ukining'inia. Tafuta gari akae kiti cha nyuma, mguu ameunyoosha juu ya kiti. Kwenye ngazi, kupanda unatangulia mguu mzima. Kushuka unatangulia ule mgonjwa, mkono umeshika reli. Mwenzake akae upande wa chini yake.

Hatua ya 5: Mguu ufanye kazi

Kufikia siku ya pili au ya tatu, maumivu yakiruhusu, akae kitini aandike herufi A hadi Z hewani kwa kidole gumba cha mguu. Mara tatu kwa siku. Akanyage taratibu kadiri anavyovumilia. Mguu uliolazwa wiki mbili bila sababu hukakamaa, misuli ikanywea.

Akiweza kutembea bila kuchechemea, aongeze kusimama kwa vidole kwenye kipandio cha ngazi, akijiinua na kujishusha, mara 15, raundi tatu. Na kila asubuhi anapopiga mswaki, asimame kwa mguu ulioumia sekunde 30. Ikiwa rahisi, afumbe macho. Ikiwa rahisi tena, asimame juu ya mto. Hili la mwisho ndilo wachezaji hulipuuza wakiliona la kitoto, na ndilo linaloufundisha mguu kujishika kabla haujapinduka.

Hatua ya 6: Kurudi

Nilipokuwa na miaka 22 niliteguka siku nane kabla ya fainali ya mtaa. Uvimbe ulipungua, nikafungwa, nikacheza. Tulishinda. Kifundo hicho kimeteguka mara tano tangu hapo, na hadi leo nikishuka matatu inayotembea kinanisaliti. Kutoumwa si kupona. Kano inachukua wiki hadi miezi kupata nguvu, na aliyeteguka mara moja ndiye aliye rahisi zaidi kuteguka tena.

Jeraha dogo huchukua wiki moja hadi tatu, la kati tatu hadi sita, la kano iliyokatika kabisa miezi. Lakini mimi siangalii kalenda. Chora mstari chini, aruke mara tatu mfululizo kwa mguu mzima, pima umbali. Arudie kwa mguu ulioumia. Akipungukiwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hachezi. Akifaulu, akimbie kwa kona kali na kusimama ghafla bila kusita, afanye mazoezi kamili na timu mara mbili, ndipo acheze. Miezi ya kwanza avae kishikizo cha kifundo au afungwe plasta katika kila mechi. Kocha atanuna, lakini atazoea.

Kabla ya mechi ijayo

FIFA wana mpango wa kupasha mwili uitwao 11+: dakika 20, kukimbia, nguvu, usawa na kuruka, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Ufanywe angalau mara mbili kwa wiki, na katika tafiti umepunguza majeraha kwa theluthi au zaidi. Kabla ya mechi fanyeni sehemu za kukimbia tu.

Halafu uwanja. Baada ya mvua ndefu, kiatu kikizama kwenye tope hubaki shimo, na likikauka Juni linakuwa gumu kama saruji. Nawaambia vijana wafike nusu saa mapema, wasimame mstari mmoja kutoka goli hadi goli, watembee wakiokota mawe na vipande vya chupa. Mmoja aje na jembe, na gunia la mchanga wa kufukia mashimo likae karibu na kona.