Kabla hujashuka mchangani Sabaki kutazama ndege

Watu wakitaka kwenda kuona ndege pale mlango wa mto Sabaki, unapoingia baharini karibu na Malindi, swali la kwanza huwa kamera gani. Kamera baadaye bwana, kwanza jua upepo gani unavuma na maji yako vipi. Kaskazi ikishika, Desemba mpaka Machi hivi, ndio wale wageni wa Siberia wanajaa, sululu na chamchanga na wenzao. Kusi ikiingia wengi washarudi kwao na mtu atakwambia usiende msimu umekwisha, muache na maneno yake, maana kusi hiyo hiyo ndio yatuletea pratinkole wa Madagaska, kijidege cha mabawa marefu utadhani mbayuwayu, azaliana kule afu aja kukaa kwetu hii miezi ya upepo, ukimtaka nenda Agosti.

Afu maji. Uliza mvuvi yeyote leo ni bamvua, yale maji makubwa, au maji mafu, yale madogo, na yanajaa saa ngapi. Yakiwa yamekupwa kabisa ndege wote wako mbali huko kwenye matope, vidoti tu, lakini ukifika masaa mawili kabla hayajajaa we kaa kitako tu, bahari yenyewe itakusukumia mpaka mbele yako. Usiwafuate. Mimi nilifuata heroe siku moja, mguu ukazama mpaka gotini, nikauchomoa, kandambili ikabaki, mpaka leo iko huko. Na mtoni kuna viboko na mamba, kwa hivo chukua kijana wa hapo kijijini akutembeze na umlipe vizuri.

Vile vilima vya mchanga sasa, lile ndio jangwa letu. Kusi ikipiga mchana mchanga watembea chini chini kama moshi, waingia machoni, waingia kwenye darubini, ukizungusha ile gurudumu yake wasikia krr krr, beba leso kuukuu uifunge. Nenda alfajiri upepo umelala. Jua likipanda utaona mazigazi, mchanga wa mbele wameremeta kama maji sababu joto la chini lapinda mwanga, na ndege aliyesimama pale aota miguu mirefu yatetemeka, saa hiyo usijitie kumtaja jina, ushasikia watu wameapa wameona korongo kumbe ni kunguru.

Mvua ikinyesha bara hata kama hapa kwetu jua kali, Sabaki yashuka nyekundu na bahari ya Malindi yageuka chai ya maziwa, siku hizo matope ni mabaya zaidi. Nenda Marafa badala yake, kule Nyari kwenye lile korongo la magenge, lakini jioni, kwenye saa kumi na moja yale magenge yawaka rangi zote. Saa saba ni tanuri.

Maji ya kunywa lita mbili kila mtu, kofia, na shati jeupe liache nyumbani, ndege wataruka hujashuka hata kwenye boda.