Somo: Kuchagua mpira wa kujitoa mkojo

Somo hili ni la wenzetu wa Moshi na Arusha wanaojitoa mkojo kwa mpira na kuutoa papo hapo: walioumia uti wa mgongo, wazazi wa watoto wa mgongo wazi, na wazee ambao kibofu hakisukumi tena. Swali linalonijia sana ni mpira gani hauleti UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Huo haupo. Mpira mzuri hupunguza michubuko na damu, lakini kinachokulinda zaidi ni kumaliza mkojo wote, kwa wakati.

1. Saizi. Soma namba kwenye pakiti. Namba 12 ina unene wa milimita 4. Watu wazima wengi hutumia 12 au 14. Mnene mno unachubua. Mwembamba mno unachelewesha, mtu anachoka na kuuchomoa mkojo ukiwa bado ndani, na mkojo uliobaki ndio bakteria wanamozaliana.

2. Aina. Mpira wa plastiki wa kawaida unahitaji jeli inayoyeyuka kwenye maji. Msipake Vaseline wala mafuta ya kula. Ule wenye utelezi wake huloweshwa maji kwanza, na unapita kwa urahisi zaidi, hasa kwa wanaume, ambao njia yao ni ndefu na huweza kupata kovu linaloibana. Ni ghali. Kwa maoni yangu, kama bei yake itakufanya ujitoe mara mbili kwa siku badala ya tano, chukua wa kawaida na jeli ya kutosha.

3. Ncha. Pitisha kidole juu ya pakiti, penye matundu ya mpira, kabla hujaifungua. Ukingo unaokwaruza kidole utakwaruza na ndani. Mzee mwenye tezi dume kubwa aulize daktari wa mkojo, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwa mfano, kuhusu mpira wenye ncha iliyopinda.

4. Ratiba. Mara 4 hadi 6 kwa siku, kibofu kisizidi mililita 500. Daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha mwaka 1972 kwamba kunawa mikono vizuri kunatosha, si lazima vifaa vya chumba cha upasuaji. Alieleza kuwa kibofu kilichovutika sana hakipati damu ya kutosha, kwa hiyo hakiwezi kupambana na vijidudu. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu kutwa, miguu ikavimba, ajue maji hayo yanarudi usiku akilala. Ajitoe kabla ya kulala na tena alfajiri.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Mwanangu ana mgongo wazi, akitumia mpira mwekundu anatoka vipele. (Mama, Himo)*
Marahaba mama. Acha huo leo. Watoto wa mgongo wazi hupata sana mzio wa lateksi, yaani mpira wa asili uliotumika kutengeneza huo mwekundu, na mzio huo unaweza kuwa mkali. Tumia wa plastiki au silikoni, na waambie wauguzi kila mnapokwenda, maana hata glavu na maputo vinaweza kumdhuru.

*Naweza kurudia mpira mmoja? (Kaka, Ngaramtoni)*
Wenye alama ya 2 iliyokatwa mstari umetengenezwa kwa matumizi ya mara moja. Wenye utelezi hauwezekani kabisa, utelezi ukikauka unanata. Kama huna uwezo, omba hospitali wakutafutie wa silikoni unaorudiwa. Uoshe kwa sabuni ndani na nje, suuza, ukaushe, uweke kwenye chombo safi chenye mfuniko.

*Mkojo unanuka, duka la dawa wamenipa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. (Dada, Moshi)*
Una homa, baridi, maumivu, au misuli inakaza kuliko kawaida? Kama huna, usimeze. Wengi wetu tuna bakteria kwenye mkojo bila ugonjwa, na dawa zisizohitajika huwafanya sugu. Kunywa maji, angalia ratiba. Dalili zikija, peleka mkojo ukaoteshwe maabara kabla ya kuanza dawa.

*Nimeumia juu kwenye mgongo. Nikichelewa kujitoa, kichwa kinagonga na jasho linanitoka usoni. (Kaka, Usa River)*
Kaka, hiyo ni hatari. Presha inapanda ghafla kwa sababu kibofu kimejaa. Kaa wima, legeza nguo, jitoe mkojo mara moja. Kisipotulia, wahi hospitali na uwaeleze uliumia sehemu gani ya uti wa mgongo.