Somo: Jinsi ya kutafuta nyaraka za studio ya Warner Bros. (tafadhali soma lote kabla ya kuuliza)

Swali la mahali zilipo nyaraka za studio kongwe za Hollywood limeulizwa hapa mara nyingi mno, kwa hiyo naliweka jibu mahali pamoja. Natumia Warner Bros. kwa sababu karatasi zake za ndani zimesalia kwa wingi, na filamu ya mfano ni Casablanca.

Hatua ya kwanza: chagua filamu moja au mtu mmoja. Mhifadhi nyaraka hawezi kukusaidia ukimwomba "historia ya studio".

Hatua ya pili: orodhesha majina yote ambayo filamu hiyo iliwahi kuitwa. Casablanca ilitokana na mchezo wa kuigiza ulioitwa Everybody Comes to Rick's, na ilibadilishwa jina mwishoni mwa 1941.

Hatua ya tatu: fahamu kwamba karatasi zimetawanyika. Barua za ndani, mikataba na taarifa za kila siku za upigaji picha zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, mwaka 1977. Lakini studio ilikuwa imeuza filamu zake za kabla ya 1950 huko nyuma, mwaka 1956. Baadaye zikaangukia mikononi mwa United Artists, kampuni nyingine ya filamu, na kwa njia hiyo miswada ya filamu na vitabu vingi vya matangazo vikaishia kwenye hifadhi ya nyaraka za filamu huko Madison, Wisconsin. Barua za wakaguzi wa maadili ya filamu ziko Margaret Herrick Library, maktaba ya taasisi inayotoa tuzo za Oscar, huko Beverly Hills.

Hatua ya nne: mwandikie mhifadhi barua pepe fupi yenye jina la filamu, miaka na aina ya karatasi unayoitaka. Usisafiri bila miadi.

Hatua ya tano: tenganisha karatasi za matangazo na karatasi za kazi. Hapa ndipo watafiti wengi wanapopotea, nami nawasihi mpasome polepole. Mwezi Januari 1942 idara ya matangazo ilitoa taarifa kwamba Ronald Reagan na Ann Sheridan wangeigiza katika Casablanca, na hadi leo wapo wanaoandika kwamba Reagan aliponyokwa na nafasi ya Rick, mhusika mkuu wa filamu hiyo. Kazi ya idara ile ilikuwa kuhakikisha majina ya waigizaji wenye mikataba hayakosekani magazetini. Ukifungua barua za ndani unakuta mambo mengine: Aprili 1942 Jack Warner, mkuu wa studio, alimuuliza mtayarishaji Hal Wallis kuhusu kumpa mwigizaji George Raft nafasi ya Rick, naye Wallis akajibu kwamba nafasi hiyo inaandikwa kwa ajili ya Humphrey Bogart, ambaye ndiye aliyeiigiza. Karatasi za barua hizo za ndani zilikuwa na onyo lililochapishwa chini kabisa, kwamba maagizo ya mdomo huleta kutoelewana na ucheleweshaji, hivyo yaandikwe. Ndiyo maana tunaweza kufuatilia mabishano yao hadi leo. Angalizo: usitumie tangazo kama ushahidi wa uamuzi. Angalizo la pili: barua ya ndani inaonyesha mwandishi wake alitaka nini siku ile, haithibitishi kwamba jambo lilifanyika. Lililofanyika litafute katika taarifa ya kila siku ya upigaji picha.

MASWALI

Mpenda Sinema: Mkuu, nitumie PDF zote za Warner.

Jibu: Sina, wala hakuna faili moja la namna hiyo. Rejea hatua ya kwanza na ya tatu.

Kijana wa Ilala: Kwa nini tuhangaike hivyo wakati kila kitu kipo mtandaoni?

Jibu: Si kila kitu. Kilichowekwa wazi kwa wingi ni magazeti ya biashara ya sinema, na taarifa ya Reagan ilienea kupitia magazeti ya aina hiyo hiyo. Hatua ya tano niliiandika kwa ajili ya hoja yako.

Binti Tanga: Shikamoo mwalimu. Nikikuta tarehe mbili za filamu moja, niamini ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri. Kwanza jiulize kila tarehe inahusu tukio gani. Casablanca ilianza kupigwa picha tarehe 25 Mei 1942, ikaoneshwa New York tarehe 26 Novemba mwaka huo, ikasambazwa Marekani Januari 1943, na ikashinda tuzo ya Oscar kama filamu ya 1943. Tarehe zote ni sahihi. Katika daftari lako usiandike tarehe peke yake. Andika pia tukio na karatasi ulikoitoa.

Binti Tanga: Ahsante sana. Na filamu zilizopigwa kwetu, je?

Jibu: Anza na Hatari! ya 1962, iliyopigwa Tanganyika, maeneo ya Arusha. Hiyo ni ya Paramount, studio nyingine ya Hollywood, ambayo nyaraka zake za utayarishaji ziko Margaret Herrick Library, na karatasi za mwongozaji Howard Hawks ziko Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah. Tafuta kwa neno "Tanganyika", kwa kuwa jina Tanzania lilikuwa bado, na jina la Momela, mahali karibu na Arusha ilikopigwa filamu hiyo, ulijaribu pia kwa "l" mbili.

Mzee wa Moshi: Naongezea: alinganishe na gazeti la Tanganyika Standard la miaka hiyo.

Jibu: Naam, mzee wangu. Aanze na matoleo ya 1960 na 1961, maana picha zilipigwa kabla ya mwaka wa kuoneshwa.