Bei ikiganda, nani kaigandisha? Kupima jukwaa, seva na mtandao wako hatua kwa hatua

Bei ya EUR/USD (yuro kwa dola) unayoiona kwenye kioo si bei ya sasa hivi. Imetoka kwa mabenki yanayompa broka wako (kampuni inayokuunganisha na soko) bei, ikapita kwenye seva yake, ikavuka bahari kwa mkongo, ikaingia kwenye ruta yako, ndipo programu ikaichora. Kila kituo katika safari hiyo kinaweza kuikwamisha, na kila kimoja kina dawa yake. Anayehama broka kumbe ruta yake ndiyo inayokatika atahama kila mwezi, na tatizo atahama nalo.

Maelezo haya ni ya MetaTrader 5 (MT5), programu ya kufanyia biashara, kwenye Windows, kwa sababu matreda wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ndiyo wanayoitumia. Kwenye majukwaa mengine vitufe vinatofautiana, vipimo ni vilevile.

Hatua ya 1: Saa

Usipime chochote kabla saa ya kompyuta haijakaa sawa. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika `w32tm /resync`, kisha `w32tm /stripchart /computer:time.windows.com /samples:5`. Tofauti ikizidi sekunde 0.1, rudia.

Halafu elewa saa ya broka. Wengi huweka seva kwenye GMT+2 wakati wa baridi na GMT+3 wakati wa joto, ili mshumaa wa siku (mchoro wa bei ya siku moja kwenye chati) ufungwe saa 11 jioni ya New York. Sisi tuko GMT+3 mwaka mzima. Kwa hiyo Marekani ikiwa kwenye saa za majira ya joto, chati inalingana na saa ya ukutani. Ikirudi kwenye saa za baridi, chati inabaki nyuma kwa saa moja. Takwimu za ajira za Marekani, ambazo New York hutoka saa 2:30 asubuhi, kwetu ni saa 9:30 alasiri wakati wa joto na saa 10:30 jioni wakati wa baridi. Asiyejua hili atalinganisha kumbukumbu za saa mbili tofauti na kumlaumu broka bure.

Hatua ya 2: Njia kutoka kwako hadi seva

Kona ya chini kulia ya MT5 kuna namba ya milisekunde. Bofya hapo, utaona orodha ya vituo vya kuingilia vya broka. Iambie programu ivichunguze upya, kisha chagua chenye namba ndogo. Lakini usiiamini namba hiyo peke yake. Inapima hadi kituo cha kuingilia tu, wala si hadi seva inayotekeleza oda (agizo lako la kununua au kuuza). Kituo kinaweza kuwa Johannesburg na seva yenyewe ikawa London, na oda yako bado ina safari ya kumalizia.

Ili kuona muunganisho wenyewe, andika `resmon` kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, nenda Network, weka tiki kwenye `terminal64.exe`, kisha fungua TCP Connections. Utaona anwani ya kituo cha kuingilia, asilimia ya pakiti (vipande vya data) zinazopotea na ucheleweshaji. Liache dirisha hilo wazi muda wote unaofanya biashara, angalau kwa wiki nzima.

Namba zipi ni za kawaida? Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 75, na mkongo haunyooki. Milisekunde 150 hivi kutoka pwani yetu hadi London ni hali njema. Anayekuahidi milisekunde 5 ukiwa nyumbani Sinza anauza kitu ambacho fizikia haikiruhusu.

Zaidi ya wastani, tazama mtetemo. Njia ya milisekunde 160 isiyobadilika ni bora kuliko ya 130 inayoruka hadi 900 kila dakika chache. Na pakiti zinazopotea ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu MT5 hutumia TCP, ambayo hudai data ifike kwa mpangilio. Pakiti moja ikipotea, zilizo nyuma yake husubiri mpaka ile itumwe tena. Ndiyo maana bei huganda sekunde mbili, kisha mishumaa inaruka kwa mkupuo. Ukiona upotevu wa asilimia 1 tu, tafuta chanzo.

Anza nyumbani. Andika `ipconfig`, chukua anwani ya Default Gateway (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), kisha `ping -n 300` ukiifuatisha na anwani hiyo. Kwa waya utapata milisekunde 1 au pungufu. Kwa Wi-Fi, ikiwa inapanda hadi 50 au 200, ugonjwa uko sebuleni kwako: vuta waya wa mtandao kutoka ruta hadi kompyuta, kisha pima tena kabla hujampigia mtu yeyote. Ikiwa ruta ni safi lakini resmon bado inaonyesha upotevu, tumia `tracert` hadi anwani uliyoiona humo. Kituo cha kwanza ni ruta yako, viwili vitatu vinavyofuata ni vya mtoa huduma wako. Kituo cha katikati kikionyesha nyota, usishtuke, kwani vingi vimezimwa kujibu. Tatizo ni pale ucheleweshaji unapopanda kwenye kituo fulani na kubaki juu hadi mwisho.

Hatua ya 3: Mtiririko wa bei wenyewe

Soko la fedha za kigeni halina bei moja ya dunia. Kila broka ana mtiririko wake. Njia ya haki ya kuupima ni kuulinganisha na wa broka wa pili, na akaunti ya demo (ya majaribio, bila fedha halisi) inatosha kwa hilo.

Bonyeza Ctrl+U, chagua EURUSD, fungua kichupo cha Ticks (tiki ni kila badiliko moja la bei), weka muda, omba data, kisha itoe kama faili la CSV. Utapata tarehe, saa hadi milisekunde, bei ya kuuza na ya kununua. Chukua kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 1 usiku, wakati London na New York ziko kazini pamoja (wakati wa baridi saa ya ukutani husogea saa moja mbele, lakini saa ya seva iliyo kwenye faili hubaki ileile). Kwenye jedwali ongeza safu mbili: muda uliopita tangu tiki iliyotangulia, na spredi (tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza). Panga kuanzia kubwa kwenda ndogo.

Mapengo ya sekunde kadhaa saa hizo kwenye EURUSD yanatia shaka. Kama broka wote wawili wana pengo dakika ileile, soko lilitulia. Kama ni mmoja tu, umepata jibu. Saa 6 usiku wakati wa joto, au saa 7 usiku wakati wa baridi, iache kando: siku ya biashara hufungwa New York na spredi hutanuka kwa kila broka.

Kuna mtego hapa. Faili hilo linatoka kwenye kumbukumbu ya seva, si kwenye kile kilichofika kiooni pako. Linaweza kuwa safi wakati wewe uliona bei imeganda. Kwa hiyo weka simu yenye MT5 pembeni, iwe kwenye data ya simu, si Wi-Fi. Kompyuta ikiganda na simu ikiendelea, lawama ni ya njia yako. Zikiganda zote mbili, tazama kwa broka au juu zaidi yake.

Juu zaidi yake napo huanguka. Tarehe 28 Novemba 2025 mitambo ya kupoza joto ilishindwa katika kituo cha data karibu na Chicago kinachotumiwa na CME, soko la mikataba ya baadaye, na biashara ikasimama kwa zaidi ya saa 10. Tarehe 3 Juni 2024 hisa za daraja A za Berkshire Hathaway, zilizokuwa na thamani ya zaidi ya dola 600,000 kila moja, zilionekana zikiuzwa dola 185.10 kwa hitilafu ya kiufundi, na NYSE (soko la hisa la New York) ikazifuta biashara hizo. Mwenye roboti (programu inayofanya biashara yenyewe) isiyokagua kama bei mpya ina mantiki hana kinga siku kama hiyo. Na kwa wanaotazama hisa au mikataba ya baadaye kwenye chati za bure: hakikisha bei haijacheleweshwa dakika 10 au 15, maana nyingi huwa hivyo mpaka ulipie.

Hatua ya 4: Utekelezaji wa oda

Utekelezaji hupimwa kwa akaunti halisi tu. Seva ya demo haina foleni wala mtu wa upande wa pili. Fungua na ufunge oda 20 za loti 0.01 (loti ni kipimo cha ukubwa wa oda) saa tulivu, na 20 nyingine dakika za kwanza baada ya habari kubwa. Kwa loti hiyo pipu moja ya EURUSD (badiliko la 0.0001 kwenye bei) ni senti 10 za dola, hivyo spredi ya pipu 1 kwa oda 20 na pipu 5 kwa nyingine 20 inakugharimu kama dola 12 kwa spredi pekee. Ni bei ndogo kwa unachojifunza.

Fungua kichupo cha Journal. Kila oda ina mstari unaosema ilikamilika kwa milisekunde ngapi. Toa ucheleweshaji wa njia uliouona kwenye resmon. Njia ikiwa 160 na oda ikachukua 210, broka katumia kama 50, pamoja na safari ya kutoka kituo cha kuingilia hadi seva, hana shida. Njia ikiwa 160 na oda ikachukua 1,100, hata kwenye saa tulivu, kuna foleni au kushikiliwa kwa makusudi.

Kisha linganisha bei uliyopata na tiki za sekunde ileile. Journal huandika saa ya kompyuta yako, tiki huandika saa ya seva. Hapo ndipo Hatua ya 1 inapolipa. Bei kuteleza ni kawaida, lakini inapaswa kuteleza pande zote mbili. Oda 40 zikiteleza dhidi yako zote bila hata moja kukupendelea, mwandikie broka ukiambatanisha namba za oda.

Hatua ya 5: Ulinzi ukae kwenye seva

Stopu losi (bei inayofunga oda hasara isizidi), lengo la faida na oda zinazosubiri hukaa kwenye seva ya broka. Kompyuta ikizimika zinabaki. Trailing Stop ya MT5, yaani stopu inayoifuata bei, haiko huko. Inaendeshwa na programu yako mwenyewe, na ikizimika, stopu hubaki pale ilipofikia mara ya mwisho. Roboti nazo ni hivyohivyo. Hakikisha kwa mkono: weka oda ndogo, chomoa waya wa ruta, kisha angalia kwenye simu kilichobaki.

Kama mkakati wako hauwezi kuishi bila roboti, kodi VPS (kompyuta ya mbali inayowaka saa zote) katika mji uleule wa seva ya broka. RAM ya GB 2 inatosha kwa MT5 moja au mbili. Panga masasisho ya Windows yafanyike Jumamosi, na MT5 iwashwe yenyewe VPS ikijiwasha upya. Wengi hugundua Jumatatu kwamba roboti ililala tangu Jumapili.

Stopu losi nayo si ahadi ya bei. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa kiwango cha chini cha 1.20 kwenye EUR/CHF (yuro kwa faranga ya Uswisi), na stopu zilitekelezwa mbali mno na zilipowekwa kwa sababu katikati hapakuwa na mnunuzi. Ukubwa wa loti ndio kinga ya siku hiyo.

Hatua ya 6: Umeme na njia ya pili

UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta iliyoandikwa mAh 8,800 huhesabiwa kwa volti 3.7, si 12. Hiyo ni kama Wh 32. Ukitoa upotevu, ruta ya wati 10 itakaa saa mbili na nusu hivi. Hakikisha na kisanduku cha faiba ukutani kimeunganishwa, maana ruta inayowaka peke yake haikusaidii.

Mtandao wa pili uwe wa kampuni nyingine na teknolojia nyingine, faiba na 4G. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja, na kampuni nyingi za ukanda huu zikayumba pamoja. Laini mbili zinaweza kupita mkongo mmoja. Endesha `tracert` kwa zote mbili uone zinapoachana.

Hatua ya 7: Bei ikiganda ukiwa na oda wazi

Usibonyeze tena. Oda ya kwanza huenda imeshafika na jibu lake ndilo limekwama. Ukirudia, utakuwa na loti mara mbili. Fungua simu kwenye data yake, angalia oda zilizopo. Ikikubali, funga hapo. Isipokubali, jaribu jukwaa la broka kwenye kivinjari. Nalo likigoma, tumia akaunti ya broka wa pili, yenye dhamana ya kutosha iliyowekwa mapema: fungua oda ya kinyume (ulinunua, uza; uliuza, nunua) yenye ukubwa uleule, ili hasara isitanuke. Andika saa na bei. Broka wa kwanza akirudi, zifunge zote mbili kwa mfuatano wa haraka, ukianza na ile iliyo kwa broka anayeyumba.